Historia ya Marehemu Agapiti Kapufi, Aliyetunza Majina ya Mimea ya Rufiji

Baba Paroko, sheikh wetu na wazee wa msikiti wa hapa Kibiti, mwenyekiti wa kijiji, daktari na wauguzi mliotoka Mchukwi, shemeji yangu Consolatha, mwanangu Kristina, na ninyi nyote mlioacha mashamba na biashara zenu asubuhi hii, mimi naitwa Zebedayo Kapufi, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi kule Matai, Sumbawanga. Ukoo wa Kapufi ni mkubwa, lakini mbele yenu leo umewakilishwa na mimi na mtoto huyu tu, kwa sababu ya umbali, hivyo nawaomba mnivumilie nikisoma, maana mengine katika maisha ya kaka yangu mnayajua ninyi kuliko sisi tuliozaliwa naye.

Marehemu Agapiti Kapufi alizaliwa tarehe 18 Agosti 1947, kijijini Matai, akiwa mtoto wa pili wa mzee Leonsi Kapufi na mama Oresta, na alipewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, kama ilivyokuwa desturi ya mapadri wetu. Alisoma shule ya misheni pale pale Matai kuanzia mwaka 1956, akaendelea na sekondari mjini Tabora mwaka 1965 hadi 1968, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, akahitimu mwaka 1970. Nyumbani tunamkumbuka kama mtoto mkimya, aliyetumwa kuni akachelewa kurudi, na akirudi ana majani mfukoni, na mama akimuuliza ya nini, anasema, "Sijui yanaitwaje."

Ajira yake ya kwanza ilikuwa ubwana miti msaidizi mkoani Lindi, na mwezi Julai 1974 alihamishiwa wilaya hii ya Rufiji, kituo cha Kibiti, akapewa kazi ya kusimamia ukataji wa mikoko kule delta. Mlimwita Bwana Miti, baadaye mkamwita Bwana Majani, naye jina hilo alilipenda.

Tarehe 10 Januari 1976 alifunga ndoa takatifu na Consolatha, mwalimu wa shule ya msingi, katika parokia ya Kibosho, Moshi, na tarehe 3 Novemba 1978 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Kristina, aliyezaliwa hapa hapa Kibiti. Mwaka 1986, mishahara ilipokuwa haifiki popote na serikali imeruhusu watu kufanya biashara, shemeji aliacha ualimu, akarudi Moshi na mtoto, akafungua kibanda cha nguo za mitumba, na kibanda hicho ndicho kilichomsomesha Kristina. Shemeji mwenyewe ameniomba niseme ilivyokuwa, nisipambe. Alimwambia mumewe, "Twende wote, Baba Kristina, huku utabaki na nani?" naye akajibu, "Nitakuja kazi ikiisha," na kazi haikuisha. Hawakuachana, wala hawakuishi tena nyumba moja.

Mwaka 1990 ulifunguliwa hapa mradi wa utafiti wa mimea ya delta na bonde, uliofadhiliwa kutoka nje, na marehemu akaazimwa kwenda kuuhudumia. Kazi ilikuwa kuchuma tawi, kulikausha katikati ya magazeti, kulibandika kwenye karatasi ngumu na kulihifadhi kabatini. Mwaka 1992 ililetwa kompyuta, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza programu maalumu ya kutunza habari za mimea, akarudi akiwa mtu pekee wa Kibiti aliyeijua. Mwendesha mtumbwi wa mradi, Bwana Bashiru Kondo, ambaye ndiye rafiki yake wa kweli katika miaka yote hiyo, amenieleza kwamba alimuuliza mashine ile inafanya nini ambacho kabati halifanyi, marehemu akamwambia, "Bashiru, wataalamu hawachoki kubadilisha majina ya mimea. Humu ndani mmea ni kama mtu aliyesilimu, ukimwita kwa jina la zamani anaitika, ukimwita kwa jipya anaitika. Ukitaka kujua ulichumwa wapi, na nani, na nani aliuonyesha, unauliza, unajibiwa." Programu ile ilikuwa na nafasi ya jina la kitaalamu, mahali, tarehe na mchumaji, naye akajaza na majina ya Kindengereko na Kimatumbi, na yale mliyomwambia, mmea unaliwaje, unatibu nini, nani anaukataza, akayaweka katika sehemu ya maelezo mwishoni, ambayo wazungu wa mradi waliiacha tupu.

Mradi ulifungwa tarehe 30 Juni 1996. Wenzake walilipwa wakatawanyika, magari yakaenda Dar es Salaam, na yeye serikalini jina lake likawa limo katika wale waliopunguzwa kazini. Kompyuta yake waliiacha kwa kuwa ilikuwa ya zamani, pamoja na makabati na sola juu ya bati, na serikali ya kijiji ikamruhusu aendelee kukaa katika nyumba ya mradi iliyokuwa ofisi. Sisi nyumbani tulidhani sasa atarudi. Hakurudi Matai, hakwenda Moshi. Aliendelea kuchuma na kuandika, bila mshahara, bila mtu wa kumpelekea taarifa, akilima bustani ya mchicha nyuma ya ofisi na kula chakula cha jioni kwa Bi. Mwamini, mwenye mgahawa hapo stendi. Bi. Mwamini anasema alikuwa akikaa meza ya ukutani, anasalimia vizuri, anakula, anashukuru, anaondoka, na katika miaka mitatu hakuna aliyemwona amekaa na mtu meza moja isipokuwa Bashiru. Siku moja alimtania, "Bwana Majani, unazungumza na nani kule?" naye akasema, "Na mashine, Bi. Mwamini, inasikiliza."

Ndugu waombolezaji, sasa nafika mwaka 1998, na nimewaomba ruhusa wahusika kabla ya kusoma haya. Mafuriko ya mvua za mwaka ule mnayakumbuka, mpunga wa Chumbi na bonde lote ulikwenda na maji, na baadhi ya watu wa bondeni wakahamia nchi ya juu, upande wa Ngarambe, na kwa njaa wakachimba ndiga, kiazi cha porini ambacho kina sumu mpaka kilowekwe. Mwezi Aprili wagonjwa wakaanza kufikishwa hospitali ya misheni Mchukwi, wanatapika, viungo vimelegea, na watoto wawili wakafa. Daktari Ebenezer, ambaye yuko nasi hapa, aliwauliza wameandaaje, wakamwambia, "Ndiga tumekula tangu kwa babu zetu, tumeloweka kama siku zote." Daktari akapanda gari mpaka Kibiti, akamwendea marehemu na kipande cha mzizi mkononi.

Marehemu akaiandikia mashine jina hilo moja, ndiga, na mashine ikaleta kila tawi lililowahi kuchumwa kwa jina hilo, na hapo wakaona kwamba ni mimea miwili. Ule wa bondeni ni mmoja, ule wa juu ni mwingine, majani yanakaribiana, jina ni lile lile, na kwenye maelezo ya ule wa juu yalikuwepo maneno ya Bi. Biasha wa Ngarambe, aliyeuonyesha mwaka 1993, kwamba ndiga hii hailowekwi kwenye ndoo, hulowekwa kwenye maji yanayopita, kwa muda mrefu kuliko ile ya bondeni, na watoto hawapewi hata kidogo. Kabla ya jua kuzama Daktari na marehemu walikuwa njiani, na Bi. Biasha mwenyewe akapandishwa garini, akawa anashuka kila kambi ya waliohama, anashika mzizi juu na kuwaambia, "Wenzangu, huyu si yule mnayemjua, wanafanana kwa jina tu." Baada ya wiki ile hakufikishwa mgonjwa mwingine.

Watu walimsifu. Yeye hakuzipokea sifa hizo. Mmoja wa watoto wale wawili alikuwa wa Bi. Mwanabibi kutoka Chumbi, naye alipopona mwenyewe alikuja mpaka mlangoni pa ofisi, akasimama, akamwambia, "Kumbe ulikuwa unajua." Akaondoka. Bashiru alikuwepo, na anasema marehemu alikaa mbele ya mashine bila kuiwasha, kisha akasema, "Ilikuwa humu, Bashiru. Ilikuwa humu tangu mwaka tisini na tatu, na niliiandika kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama nina la kusema." Bashiru alimwambia hilo ni jambo la Mungu, watu wamehama bila kutarajia, nani angejua. Sina la kuongeza hapo, mimi ni mdogo wake tu, na hayo hakutuandikia nyumbani.

Tangu hapo alibadili kazi yake. Aliacha kungoja kuulizwa. Alizunguka kwa baiskeli Chumbi, Mchukwi, Ngarambe, akaomba nafasi shuleni, na baada ya swala ya Ijumaa nje ya misikiti, akieleza mimea inayofanana kwa sura na inayofanana kwa jina, nanyi mkaanza kumletea majani, mengine ya kuuliza, mengine ya kumfundisha. Alirudi peke yake kila mara katika nyumba ile, akaandika mliyomwambia.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999 miguu ilianza kumvimba, akaona ni uchovu wa baiskeli, na tarehe 2 Oktoba alilazwa Mchukwi, ikaonekana figo zimeshindwa. Kristina alifika kutoka Moshi wiki ya mwisho. Baba na mtoto hawa hawakuwahi kukaa pamoja tangu yeye ana miaka saba, na kila marehemu alipofumbua macho alimuuliza neno moja, "Umekula?" na Kristina akajibu, "Nimekula, baba," hata siku ambazo hakula. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 28 Oktoba 1999, Kristina akiwa ametoka kwenda kuteka maji. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shemeji Consolatha alikuwa ndani ya basi, amefika Chalinze.

Kuna tangazo nimeombwa na Daktari nilisome hapa. Chuo kikuu Dar es Salaam kina nakala ya disketi za kazi ya marehemu hadi mradi ulipofungwa, lakini yote aliyoyaandika baada ya hapo, pamoja na mliyomletea ninyi, yamo ndani ya mashine ile peke yake, na programu haifunguki bila neno la siri. Tumemuuliza Bashiru, hajui, tumemuuliza Kristina, hajui. Kama kuna mtu aliyewahi kuambiwa, atuone baada ya mazishi. Nadhani hayupo. Kaka yangu hakumficha mtu, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Familia inamshukuru Daktari Ebenezer na wauguzi wote wa Mchukwi, waliomhudumia mpaka mwisho, Bi. Mwamini aliyempelekea uji hospitali, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa misitu, Paroko, na ndugu zetu Waislamu mliochimba kaburi tangu asubuhi. Nimeambiwa Bi. Mwanabibi yuko hapa, amekaa na akina mama kule nyuma. Bi. Mwanabibi, sijui nikuambie nini, nakushukuru kwa kuja. Na wewe Bashiru, mapema leo nimekukuta barazani kwa marehemu, unapanga katikati ya magazeti majani ambayo watu walikuwa wanayaleta bila kujua kwamba amelazwa, nikakuuliza yanaitwaje, ukaniambia, "Sijui, mwalimu, nayalaza tu yasioze." Asante.

Kaka Agapiti, tunakuacha katika mchanga wa Kibiti, mbali na mama na baba, karibu na hawa waliokujua kwa majani. Mungu, anayejua kila alichokiumba bila kuuliza, akuite kwa jina lako, nawe uitike. Lala kwa amani.