Ugua Pole, Niko Ushago

Akina mama, wajane wenzangu, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Mwenyekiti aliniambia nije niwaeleze vile nilipata nguvu tena baada ya kumzika mzee wangu. Nitawaeleza. Lakini hiyo nguvu niliipatia mahali pa aibu, na nikiificha aibu nitakuwa nimewadanganya na nyinyi pia.

Mnajua mzee wangu alikufa na ugonjwa wa kifua. Mimi ndiye nilikuwa namshika mgongo akikohoa, na ndivyo alivyoniacha, mkono wangu ukiwa bado mgongoni. Tangu hapo nikisikia mtu anakohoa, nataka kukimbia. Watu walidhani nimepoa kwa sababu nilirudi kwa cherehani yangu, nikaendelea kurekebisha nguo za mitumba ninazoletewa kutoka soko la Gikomba, nikacheka na wateja. Ndani nilikuwa na woga tu.

Sasa, pale Tassia ninapokaa, jirani yangu wa juu ni mama mmoja anayeuza mboga. Sakafu yake ndiyo dari yangu. Wakati wa matanga huyo mama alinipikia, akanifulia, akalala kwa kiti changu ili nisibaki peke yangu. Nawaambia hivi mjue nilimkosea mtu wa namna gani.

Akashikwa na homa ya mapafu. Hospitali wakampa dawa, wakamwambia apumzike nyumbani. Nikaanza kusikia kikohozi chake kupitia dari, na ndugu zangu, nawaambia, masikioni mwangu kilikuwa kile kile cha mzee. Nikachukua simu nikaandika: "Ugua pole dada yangu. Niko ushago, mama yangu anaumwa kidogo. Nikirudi nakuja kukuona. Mungu akuponye haraka." Nikaongeza na picha za maua. Nikaituma, na papo hapo nikasikia simu yake ikilia juu ya kichwa changu.

Mnacheka? Chekeni tu. Hata mama yangu, aliye mzima na analima shamba huko kijijini, nilimfanya mgonjwa.

Jirani akajibu: "Asante dada. Mpe mama pole zangu, nitamwombea."

Hapo nikawa mfungwa ndani ya nyumba yangu. Mtu aliye ushago hafungui pazia, wala hakaangi vitunguu, kwa sababu harufu itapanda. Cherehani singeweza kuiacha, nilikuwa na nguo za watu, kwa hivyo nikakunja blanketi nikaliweka chini yake nikashona polepole, kama mwizi. Kila asubuhi namwandikia: "Umeamkaje dada? Huku kunanyesha sana." Yeye anajibu kwa upole, halafu namsikia akikohoa. Nilijichukia, wapendwa. Lakini kila nikitaka kupanda ngazi nilijiuliza, nitasema nimerudi lini?

Halafu siku ya maji ikafika. Kwetu maji ni ya mgao, hufunguliwa mchana, kule chini uani, na mimi na yeye tulikuwa na utaratibu wetu: mmoja akiwa hayuko, mwingine anamjazia mtungi ulio nje ya mlango wake. Siku hiyo mtungi wangu ulikuwa mkavu. Nilikaa ndani nikiwasikia wenzangu wakigombania foleni, na mimi sina hata maji ya kuosha kikombe.

Mara nikasikia kikohozi kwenye ngazi. Kinapanda kidogo, kinapumzika, kinapanda tena. Kikafika mlangoni kwangu kikasimama, na nikasikia maji yakimiminwa.

Sijui niliufungua mlango saa ngapi. Nilimkuta amejifunga leso mbili, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kidumu. Mimi nina tepu ya kupimia shingoni na nyuzi kwenye nywele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaanza, "Dada, ndiyo nafika sasa hivi..."

"Wacha tu," akasema. "Cherehani yako haijaenda ushago."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa maji ya nini?"

Akaketi kwenye ngazi ili apate pumzi. "Mtu akijificha, ataenda kuteka maji saa ngapi?"

Nililia mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia yote: mzee, kile kikohozi, woga wangu. Akanisikiliza, akasema, "Ungeniandikia tu kwamba unaogopa. Ningekuambia usimame mlangoni, tuongee kutoka hapo."

Nikamshika nikampeleka juu. Tulipofika kikohozi kikamshika, na mkono wangu ukaenda mgongoni kwake. Nilikuwa na hakika atafia mikononi mwangu. Akakohoa, akatema, akaniomba uji. Nikampikia. Kesho yake nilirudi nikiwa bado naogopa, na kesho kutwa pia, mpaka akapata nafuu akarudi kwa mboga zake. Woga wangu haukuisha kwa muujiza, akina mama. Ulipungua kidogo kidogo nikiwa na sufuria mkononi, na hapo ndipo nilipoweza kumlilia mzee wangu vizuri.

Nawashukuru nyinyi mlionishika mkono wakati wa msiba. Zaidi namshukuru Mungu kwa jirani yule. Na funzo langu ni hili: meseji si mbaya, tumeni. Mkiweza kwenda, nendeni. Mkishindwa kwa sababu ya woga, andikeni kwamba mnaogopa. Mgonjwa anaweza kubeba hilo. Uongo wangu mimi aliubeba ngazi kwa ngazi pamoja na kidumu.

Alipona kabisa. Mpaka leo hajamwambia mtu hata mmoja pale kwetu nilichofanya; majirani wakiuliza, anasema nilirudi kutoka ushago nikamuuguza. Siwezi tena kuwaacha wanisifu kwa hilo. Ndiyo maana nimesimama.