Dirisha la Guan Kamba Halitakati

Kijiwe chetu ni benchi moja refu pale Daowai, upande wa Harbin wenye nyumba za kale, kwenye kona ya soko la mboga. Benchi ni la stesheni. Nani alilitoa stesheni hatuulizani. Tumelivika blanketi kuukuu la pamba, maana mwezi huu ukikalia chuma kitupu utakuja kubanduliwa masika, theluji ikishayeyuka. Mbele yetu vibao vyetu vimesimama kwenye theluji, kila kimoja na kazi yake: rangi, bomba, vioo. Tunangoja wenye kazi. Wakichelewa tunakunywa maziwa ya soya ya moto ya Dada Pang na kubishana, na kwa kuwa wanachelewa kila siku, kubishana ndiyo kazi yetu ya kudumu.

Ilikuwa wiki ya kufagia nyumba. Kwetu uchafu ukivuka Mwaka Mpya umeshakuwa mwenyeji, kwa hiyo kila mwenye dirisha anataka ling'ae kabla ya siku hiyo, hata kama nje mate yanaganda kabla hayajafika chini. Wiki hiyo Guan Kamba huwa hatumwoni kabisa. Anakuwa ananing'inia kwenye maghorofa na ndoo yake ya maji yaliyochanganywa na pombe kali ya mtama, ili yasigande kwenye kioo kabla hajayafuta. Asubuhi hiyo alikuja bila kamba, bila ndoo, akakaa katikati ya benchi akavuta kofia yake ya manyoya mpaka kwenye nyusi.

Wa kwanza kumvaa alikuwa Redio, mpaka rangi. Anaitwa hivyo kwa sababu hana swichi ya kuzimia.

Redio: Kaka Kamba, umefukuzwa ghorofani?

Guan: Nimeahirisha kazi. Kuna dirisha linanisumbua.

Redio: La nani?

Guan: La kwangu.

Dada Pang alicheka mpaka upawa ukamponyoka.

Dada Pang: Kinyozi hajinyoi!

Guan: Sitanii, dada. Kesho wakwe wanaingia kutoka Mudanjiang. Mama wa yule mchumba wa Bo anakuja kuiona nyumba atakayoingia binti yake. Na mimi kwenye simu nilishajisifu. Nilimwambia, mama, mji huu hakuna anayejua kioo kama mimi.

Redio: Akasemaje?

Guan: Akasema vizuri sana, maana yeye akiingia nyumba ya watu haangalii makochi, anaangalia madirisha. Dirisha chafu, mwanamume mvivu.

Redio: Heri mvivu.

Guan: Kwangu itakuwa mvivu na mwongo. Nimeshajisifu.

Hapo tukaacha kucheka. Bo ni mtoto wake pekee, na umri wa kuoa ulishampita ukampungia mkono. Huyu binti alipokubali, Guan alikuja kijiweni akatununulia kila mtu maziwa na andazi refu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipookoka siku kamba ilipokatika.

Mimi: Sasa dirisha lina nini?

Guan: Lina weupe, fundi. Pale kwenye kona ya chini, kama ukungu. Nimeliosha kwa pombe kidogo, weupe upo. Nikaongeza pombe, weupe upo.

Chumvi: Pombe yote ilifika kwenye kioo?

Guan: Ilifika.

Chumvi: Nauliza tu. Kuna pombe huwa inapotelea njiani.

Guan: Chumvi, usinizingue leo.

Huyu Chumvi alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa anavunja barafu kwenye vibaraza vya watu. Mfukoni hatembei bila kifuko cha chumvi. Anatia kwenye maziwa ya soya, ananyunyiza chini ya viatu asiteleze, na mtu akimtajia ugonjwa wowote, dawa yake sote tunaijua.

Chumvi: Mimi naona tia chumvi. Barafu ni nini? Ni maji yaliyokosa chumvi. Bahari umeiona ikiganda?

Redio: Nimeiona. Kule pwani ya Yingkou inaganda kila mwaka.

Chumvi: Basi hiyo ina chumvi kidogo.

Redio: Jamani, mnapoteza muda. Huo si uchafu. Huo ni moshi wa makaa. Umeingia kwenye nyama ya kioo.

Mimi: Kioo kina nyama?

Redio: Wewe fundi bomba ongea habari za choo. Moshi ukishaingia nyamani huutoi kwa kitambaa.

Guan: Moshi, eh?

Aliuliza akiwa ameinua kofia, macho yamechangamka. Nililiona hilo, ila sikulifikiria.

Chumvi: Kama ni moshi, mwagia maji yanayochemka. Maji ya moto hayachomi nyumba.

Guan: Yanapasua kioo. Kwa baridi hii nitabaki na fremu.

Chumvi: Fremu nayo itakuwa safi.

Redio: Subirini. Kaka Kamba, nyumba yenu si ile waliyojenga Warusi?

Guan: Ndiyo hiyo.

Redio: Na vioo?

Guan: Vingine ni vya kwao.

Redio: Basi tumemaliza. Kioo cha Kirusi kimekaa ugenini miaka na miaka. Baridi ikikolea kinakumbuka kwao, kinatoka jasho. Jasho likikauka, ndio weupe wako huo.

Dada Pang: Kwao kuna baridi kuliko hapa. Hapa kingejiona kiko likizo.

Redio: Dada, wewe uza maziwa.

Dada Pang: Nauza. Na wewe ya jana hujalipa.

Redio alikunywa funda moja refu ili asijibu, kisha akaja na kubwa kuliko.

Redio: Sikilizeni sasa. Dirisha ni jicho la nyumba. Sawa? Nyumba imezeeka, jicho limeota mtoto wa jicho. Mama yangu mzazi alikuwa nao, mweupe hivyohivyo, kwenye kona. Je, tulimfuta kwa kitambaa? Tulimpeleka kupasuliwa. Kaka, dirisha lako haliumwi uchafu, linaumwa uzee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Dada Pang: Dirisha liko ghorofa ya tatu, ainame aende wapi?

Redio: Methali haiangalii ghorofa.

Chumvi: Damu nzito kuliko maji.

Mimi: Hiyo nayo imetokea wapi?

Chumvi: Ndiyo maana maji yanaganda mapema.

Tukaitafakari hiyo kwa muda. Kwa baridi kama ile, methali ikitoka mdomoni na mvuke inaonekana nzito kuliko ilivyo.

Chumvi: Mimi nina njia ya mkato. Ile pombe usikipe kioo. Mpe mkwe. Bilauri ya kwanza akivua viatu, ya pili akivua koti. Akifika dirishani ataona madirisha manne, na yote yanang'aa.

Redio: Au livunje leo. Useme watoto wamerusha fataki.

Chumvi: Au ling'oe kabisa, mwambie limepelekwa kuoshwa.

Redio: Mkwe atakaa ndani bila dirisha, mwezi huu?

Chumvi: Hatakaa sana. Na wewe ndicho unachotaka.

Guan alikuwa anamsikiliza kila mmoja kwa adabu, anamgeukia huyu, anamgeukia yule, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Mtu aliyening'inia kwenye kamba nusu ya maisha yake hamwulizi Redio habari za kioo. Kila aliposikia dawa mpya aliuliza swali lilelile: itafaa bila kulifungua dirisha? Ikifaa bila kufungua anatikisa kichwa kuikubali, hata ile ya kumlevya mkwe aliikubali.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amesimama mwanamke mmoja mwenye mwiko wa plasta na kibao kipya. Ametokea Suihua asubuhi hiyo, jina lake Miao. Mgeni kijiweni hakai mpaka akaribishwe, na sisi kwa sababu ya Warusi na upasuaji tulikuwa tumesahau kumkaribisha. Dada Pang peke yake ndiye aliyempa kikombe.

Miao: Samahani, kaka zangu. Huo weupe uko upande gani wa kioo?

Redio: Mama, sisi tuko kwenye upasuaji, wewe unatuletea mambo ya pande.

Miao: Nauliza tu. Nje au ndani?

Guan: Nje nimeosha.

Miao: Na ndani?

Guan: Nimeosha.

Miao: Si umesema ni nyumba ya zamani? Madirisha ya vioo viwili, cha nje na cha ndani?

Guan akaitikia kwa kidevu.

Miao: Basi uko katikati.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu wa huku analijua hilo tangu utotoni. Vuli ikiisha unafunga dirisha la nje, unafunga la ndani, unabandika karatasi kwenye nyufa kwa uji mzito wa unga ili upepo usipite. Masika unazibandua, unafungua, unapafuta pale katikati. Tulikuwa watu watatu wa kazi za nyumba kwenye benchi moja, na hakuna aliyeuliza.

Redio: Haiwezekani. Katikati alipafuta masika.

Guan: Sikupafuta.

Redio: Masika ya mwaka huu?

Guan: Wala ya mwaka jana.

Dada Pang aliacha kukoroga.

Guan: Zile karatasi alibandika Guilan. Vuli ile aliyoondoka.

Guilan ni mke wake, shemeji yetu sote. Alikwenda Hainan, kisiwa cha kusini kisichojua theluji, kwa ajili ya kifua chake. Daktari alisema apumzike kule baridi moja tu. Akapata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni, na kwenye simu anasema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe miguu yake ina joto. Tangu hapo theluji imeyeyuka mara mbili. Kijiweni tunabishana juu ya kila kitu chini ya jua, lakini hilo hatujawahi kuligusa. Hata Redio hajaligusa, na mimi kwa hilo namheshimu.

Guan: Alisema nisibandue. Eti mimi nachana karatasi na rangi yake. Masika nikirudi, akasema, nitafungua mwenyewe.

Mimi: Na huo weupe, kaka?

Guan: Aliacha kikombe mle katikati, kinywe unyevu vioo visifanye ukungu. Kimekunywa mpaka kimeshiba. Kimefurika, kimepanda kwenye kioo.

Chumvi: Kikombe cha nini?

Guan: Cha chumvi.

Tangu kantini ifungwe, ndiyo mara ya kwanza nilimwona Chumvi akiificha chumvi yake. Alikisukuma kifuko ndani zaidi mfukoni, akafunga kifungo cha koti.

Redio: Kumbe ulikuwa unajua.

Guan: Nilijua. Nilitumaini mtaniambia ni moshi.

Sasa Miao alikuwa mgeni. Miiko ya benchi letu hakuijua, na nani angemfundisha, hata kukaa hatukumkaribisha.

Miao: Kwani anarudi lini?

Redio aliangalia ndani ya kikombe chake. Dada Pang alichukua kitambaa akaanza kufuta mkokoteni uliokuwa safi. Mimi nilikisoma kibao changu mwenyewe, neno moja, nikarudia. Guan aliangalia barabarani, basi la stesheni likapita, akaliangalia mpaka likapinda kona. Swali lenyewe halikuwa gumu, na ndiyo maana liliuma.

Miao: Poleni. Nimeuliza vibaya.

Guan: Hujauliza vibaya, dada. Kaa. Redio, msogelee Chumvi, dada akae.

Tukasogea. Tukapigapiga miguu chini kutafuta joto. Halafu Chumvi akakohoa.

Chumvi: Birika. Ukizipa mvuke wa birika, zile karatasi zitatoka nzima. Gundi yake ni unga tu, unga ukipata mvuke unalegea. Ukimaliza kufuta unazirudisha zilezile, mahali palepale.

Redio: Na mkwe akiuliza mama wa nyumba yuko wapi?

Nilitaka kumkanyaga Redio mguu, ila Guan alikuwa ameshaanza kujibu.

Guan: Nitamwambia hajarudi.

Alisimama. Akamwomba Dada Pang unga kidogo wa gundi, Dada Pang akamfungia kwenye karatasi, akaufunga mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Guan akamaliza maziwa yake, akakikung'uta kikombe chake cha bati, akakifuta ndani kwa ncha ya skafu mpaka kikakauka. Kisha akamnyooshea Chumvi kikombe kitupu, macho yake yako barabarani.

Guan: Nitilie.

Chumvi alitoa kifuko, akamimina. Kikombe kilifika nusu, akaendelea. Alimimina yote, mpaka ile ya viatu vyake, akakigeuza kifuko ndani nje, akakipiga kwa kidole.

Jioni ile Chumvi alirudi nyumbani ameshikilia ukuta asiteleze, hatua moja moja.