Barua ya Kumtoa Lightness

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

LIGHTNESS: Mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mimi nani?

LIGHTNESS: Mama jamani! Lightness. Si jina linatokea hapo kwenye simu?

MAMA: Aa, jua kali. Nimepanda huku kwenye tuta la reli ndiyo nikupate vizuri. Umekula?

LIGHTNESS: Bado. Mama, nisikilize haraka, salio lenyewe dogo. Nimepata chumba.

MAMA: Umepata.

LIGHTNESS: Nimepata! Tangu Jumatatu naizunguka Mikumi hii mpaka kandambili zimekatika. Kiangazi hiki watalii wamefurika, madereva wao wamepanga kila kona. Vya bei nafuu wamejaa wakata miwa. Kimebaki hiki kimoja. Dirisha lina wavu, choo ndani—

MAMA: Choo ndani ya chumba unacholala?

LIGHTNESS: Ndiyo mtindo wa huku, mama.

MAMA: Mh! Haya.

LIGHTNESS: Sasa baba mwenye nyumba, Mzee Alfred, anataka barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa nilikotoka. Bila hiyo hatoi ufunguo. Nikamwambia mwenyekiti wa kitongoji chetu ni mama yangu mzazi, barua ni dakika tano. Alicheka huyo!

MAMA: Mpe salamu zangu.

LIGHTNESS: Salamu hazina muhuri, mama. Andika mistari miwili, gonga muhuri, mtu mwenye simu kubwa aipige picha anitumie. Kuna dereva anakitaka hichohicho, yuko getini hapo na hela mkononi. Mzee kanipa mpaka saa tisa. Sasa hivi ni tisa kasoro robo.

MAMA: Wino wa muhuri umekauka.

LIGHTNESS: Nimeujaza mwenyewe siku naondoka.

MAMA: Basi karatasi hazi—

LIGHTNESS: Ziko kwenye mkoba wako wa ofisi, na kalamu. Mkoba huuachi hata ukienda kisimani.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA: Haloo? Haloo? Unakatika.

LIGHTNESS: Sikatiki, mama. Nakusikia unavyohema.

MAMA: Si umpe simu huyo mzee niongee naye?

LIGHTNESS: Hataki. Mwaka jana alipigiwa na mwenyekiti wa uongo, mpangaji akaja kuondoka na milango.

MAMA: Na milango?

LIGHTNESS: Miwili.

MAMA: Watu wana nguvu. Basi njoo Jumamosi uiandike mwenyewe kama siku zote, mimi nigonge muhuri.

LIGHTNESS: Jumamosi! Kazi hotelini naanza kesho asubuhi. Kwa Happiness nimelala siku nne, chumba kimoja, yeye, mumewe na watoto. Jana shemeji kaniuliza, hivi kwenu Kidete ni mbali sana? Nisipopata leo narudi huko. Na nikirudi, mama, sitoki tena. Najijua.

MAMA: Kwani huku pana ubaya gani?

LIGHTNESS: Nina miaka thelathini na moja! Miaka sita nakuandikia barua za wanaohama. Happiness nilimwandikia mimi. Bonifas mimi. Kidete nusu nzima imeondoka kwa mwandiko wangu, mimi nipo tu, nimekaa kama jiwe la mafiga. Ya kwangu moja ndiyo inakushinda?

MAMA: Lightness—

LIGHTNESS: Hutaki niondoke. Sema! Sema tu hutaki!

MAMA: Sitaki! Haya, nimesema. Sitaki. Lakini si hilo.

LIGHTNESS: Ila nini?

MAMA: Pana mtu karibu yako?

LIGHTNESS: Mzee kaingia ndani. Sema.

MAMA: Sioni, mwanangu.

LIGHTNESS: Mama, miwani mpya si tulikubaliana ukachukue—

MAMA: Nilichukua. Nimeivaa hapa nilipo. Karatasi naona weupe tu. Juzi nimemsalimia Mzee Elia, nikasimama kumsubiri aitikie weee, kumbe mgomba.

LIGHTNESS: (anacheka, anakatisha) Mama. Tangu lini?

MAMA: Masika ya mwaka jana yalinikuta nasoma kwa shida. Ya mwaka huu yamenikuta sisomi kabisa.

LIGHTNESS: Na ulikuwa unaniambia nina mwandiko mzuri.

MAMA: Nasikia watu wanausifu.

LIGHTNESS: Na saini je? Unasaini mbele ya watu!

MAMA: Mkono unaijua njia. Wewe ulikuwa unaniwekea kidole pale pa kusaini, ukidhani unanionyesha. Kumbe unanivusha.

(Mtandao unakwaruza.)

LIGHTNESS: Nimekuacha peke yako na jiko la kuni.

MAMA: Jiko nalijua. Ni barua ndiyo inanishinda.

LIGHTNESS: Mwombe jirani yetu Mwanvua akuandikie. Yeye anatunza siri.

MAMA: Mwanvua kaenda gulioni. Mtendaji yuko semina Kilosa. Mwenye simu kubwa aliyebaki hapa ni Ditram. Nasikia redio yake kule dukani.

LIGHTNESS: Ditram hapana! Mama, Ditram ulimshinda kwa kura tatu! Akijua mwenyekiti haoni, jua halizami kijiji kizima kinajua, keshokutwa wameitisha mkutano. Watakuvua uenyekiti, mama.

MAMA: Najua.

LIGHTNESS: Basi acha. Tuache. Namwambia mzee ampe dereva chumba chake. Nawahi gari la Kilosa, kesho nakupeleka hospitali wakuangalie hayo macho—

MAMA: Na kazi?

LIGHTNESS: Kazi zipo tu.

MAMA: Hazipo. Na ukirudi hutatoka. Si umesema mwenyewe?

LIGHTNESS: Sitatoka. Basi. Nitakaa, nitaandika hizo barua. Nimeshazoea.

MAMA: Unalia?

LIGHTNESS: Vumbi. Magari yanapita hapa.

MAMA: Saa ngapi sasa?

LIGHTNESS: Tisa kasoro dakika kumi. Mama, teremka hapo kwenye tuta pole pole, shika—

MAMA: Ditram! Ee Ditram! Njoo na simu yako!

LIGHTNESS: Mama! Usimwite! Mama, nisikilize—

MAMA: Njoo baba, huku relini! Niandikie barua, Lightness anahama!

LIGHTNESS: Anahama nani, mimi narudi! Nimeshasema narudi!

MAMA: Huyo anakuja. Anakimbia kabisa, namsikia kandambili.

LIGHTNESS: Mama, nakuomba. Kata simu, shuka, nenda nyumbani. Nakuomba kwa Mungu—

MAMA: Eeh, Ditram, marahaba. Eti kwa nini nisiandike mwenyewe?

LIGHTNESS: Mwambie mkono! Mama, mwambie mkono unauma, umeteguka! Mkono, mama!

MAMA: Hapana, mkono mzima, Ditram. Macho ndiyo hayaoni. Kaa hapo uandike.

LIGHTNESS: Mama! Mama, ngoja nina—

(Salio limekwisha.)