Mama Kavuo Kahongya na mabinti wa programu huria

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha katika chuo chetu cha ufundi hapa Butembo, Mama Kavuo Kahongya anastaafu tarehe 4 Julai 2025.

Alianza mwaka 1993 akiwafundisha wasichana wa sekretaria kupiga chapa. Kompyuta zilipofika miaka mingi baadaye, ziliwekwa upande wa wavulana. Mama Kavuo aliomba ufunguo wa chumba kile kwa siku za Jumamosi, akapewa kwa kuwa hakuna aliyedhani angeutumia. Alijifunza kwanza mwenyewe, kisha akawaita wasichana. Aliwafundisha kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwarudishia wengine alichorekebisha.

Wazazi hawakufurahi. Papa Syauswa, mkulima wa maharage wa Vuhovi, alimfuata mpaka bureau, ofisini kwake: "Mama Mwalimu, mutoto mwanamuke akishinda mbele ya machine, shamba nani atalima?" Mama Kavuo alimwalika akae darasani asubuhi moja. Mzee alisinzia kwenye kiti cha nyuma, akaamka, akatangaza kuwa binti yake aendelee, maana kazi hii haichoshi.

Binti huyo, Débora Katungu, alikuwa mwaka 2018 akifanya stage, yaani mafunzo ya kazi, katika kituo kimoja cha afya upande wa Mutwanga. Kituo kilihesabu dawa zake kwa programu huria inayotunzwa na watu wa nchi nyingi wanaoandikiana kwenye mtandao. Umeme ulipokatika wakati wa kuhifadhi hesabu, programu ilipunguza hesabu ya dawa mara mbili. Siku moja mama mwenye mtoto wa malaria aliambiwa dawa zimekwisha, akatumwa Beni kwa pikipiki, kwa njia ambayo, kwa sababu ya vita, wengi wetu tunaiogopa hata mchana. Dawa zilikuwa kabatini. Mtoto alipona, lakini Débora alirudi Butembo bila raha.

Mabinti wa Jumamosi walilitafuta kosa, wakalipata, wakalirekebisha, wakawatumia wanaoitunza programu. Walijibiwa kwa shukrani fupi, kisha kimya. Walipouliza tena, msimamizi wa programu alitaka kujua kama kuna mwanaume fundi aliyeikagua kazi yao. Débora alikata tamaa. "Madame, tuandike jina ya kaka yangu Luc," alisema. "Batatujibu kesho." Luc aliuza vipuri vya pikipiki na hakuwahi kugusa kompyuta.

Shauri hilo halikuwa rahisi kulikataa. Kila siku ya kungoja, mgonjwa mwingine angeweza kutumwa njiani bure. Mama Kavuo alitembea uani muda mrefu, tukimwangalia kutoka chumba cha walimu. Aliporudi, aliwaagiza wapeleke toleo lao moja kwa moja kwenye vituo vya Mutwanga, kwa kuwa programu ni huria na hakuna wa kuombwa ruhusa. Kazi hiyo ilipokwisha, aliwaambia: "Sasa bagonjwa habatungoje tena. Donc sisi tunaweza kungoja. Lakini jina ya Luc, hapana."

Kisha aliwaandikia wanajumuiya wote wa programu hiyo, si msimamizi peke yake, akawaomba jambo moja: wachomoe umeme wakati programu inahifadhi, halafu waangalie hesabu. Walichomoa, kila mmoja kwake, na kila mmoja akaona dawa zinapotea. Wiki hiyohiyo marekebisho yalipokelewa kwa jina la Débora Katungu na wenzake, na msimamizi akaomba radhi mbele ya wote. Mama Kavuo aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, akafuta miwani, akaenda darasani.

Si wote waliodumu. Wengine waliolewa mbali, wengine walikimbia vita kutoka Beni na kupoteza mashine zao. Hata hivyo, Débora leo ni mmoja wa wanaokagua kazi za wanajumuiya wengine, na Jumamosi chumba kinajaa wasichana kabla ya saa mbili asubuhi.

Mama Kavuo anahamia Luofu kulima viazi. Tulimwonya kuwa mtandao wa huko ni mbovu sana. Amejibu kwamba ndiyo sababu amepachagua.

Aksanti sana, Mama. Mashamba ya Luofu yakupokee vizuri, viazi vikubali, na Mungu akupe miaka mingi ya afya na utulivu.