Fundi wa Lifti Aliyeandikiwa Dawa za Mimba

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi wa lifti. Kazini walimwita Panda-Shuka, na hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Alihudumia lifti za majengo marefu mpaka alipostaafu. Mikono yake ilinuka grisi hata siku ya harusi yake. Alifariki wiki iliyopita, usingizini, mkewe akiwa ubavuni.

Nitawasimulia wezi walivyomchezea uzeeni. Nasema wezi kwa kuwa niko redioni. Ningekuwa nyumbani ningesema neno jingine.

Mwanamume na mwanamke wenye makoti meupe walikuja ukumbini, wastaafu wanapochezea drafti. Wakapima presha bure. Adabu yao ilikuwa ya kupaka, kama rangi ya kucha.

"Shikamoo baba. Magoti yanasumbua? Tupe kadi ya bima tukuandikishe, upate dawa bure."

Wakaipiga picha kadi yake. Wakazipiga na za wenzake. Nakariri: walitaka kadi. Magoti ya mzee hayakuwahusu hata kidogo.

Baadaye Panda-Shuka akaenda kuchukua dawa zake za moyo. Mfamasia akatazama kompyuta. "Mzee wangu, bima yako imefika kikomo. Umeshachukua dawa nyingi duka jingine."

"Duka lipi? Mimi nachukua hapa kwako."

Akarudi mikono mitupu. Akaenda ofisi ya bima. Karani hakuinua hata macho. "Labda umesahau, baba. Umri nao."

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Kijana akiibiwa, ameibiwa. Mzee akiibiwa, amesahau. Wezi hawa wanaijua dharau yetu kwa wazee, na wanaifanya mtaji.

Hata mwanawe wa kwanza aliingia mtegoni. Akaanza kuzungumza na baba yake polepole, kama anayembembeleza mtoto. Akampeleka kwa daktari apimwe kumbukumbu. Mkewe peke yake ndiye aliyekataa. "Mume wangu husahau miwani," aliniambia. "Ugonjwa wake hausahau."

Wakati huo mzee alikuwa akivikata vidonge vilivyobaki nusu kwa nusu. Miguu ikavimba. Mtu aliyeyatumia maisha yake juu ya majengo akawa anapumzika katikati ya ngazi za nyumbani.

Ndipo akarudi ofisini, safari hii na mkewe. Wakakaa. Mzee akasema haondoki mpaka asomewe dawa alizochukua, moja moja. Karani akasoma ili amwondoe. Dawa za maumivu. Mafuta ya kuchua. Vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito.

Panda-Shuka akauliza kwa upole, "Nina mimba ya miezi mingapi?"

Mkewe akadakia, "Ndiyo maana mimi nina kichefuchefu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akainua macho, kwa mara ya kwanza.

Wachunguzi wa bima walipofika kwenye hilo duka la dawa, walikuta kochi, feni na rafu tupu. Wezi wavivu kiasi hicho: hata kusoma wanachoiba hawawezi. Mwenye duka, aliyewatuma wale wa makoti meupe, alifika mahakamani akiegemea fimbo, akaomba ahurumiwe kwa uzee wake. Akadai hakumbuki kitu. Nawaambia, hakuna karani aliyemwamini. Alifungwa.

Bima ya Panda-Shuka ilirudishwa. Moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Mwanawe ananiambia, "Nilikwenda kumwomba radhi. Nikashindwa kuanza. Akaniambia, 'Vua viatu, chakula kinapoa.'"

Mwaka wake wa mwisho aliutumia mlangoni pa ule ukumbi. Kila koti jeupe lilisimamishwa. Wenzake aliwaambia neno moja, tena na tena: "Kadi ya bima humwonyeshi mtu aliyekufuata. Unamwonyesha yule uliyemfuata wewe."

Mama, pole sana. Poleni watoto na wajukuu. Poleni mafundi mliofunzwa naye. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tuwatazame wazee wetu. Leo, ukitoka hapo redioni, muulize mzazi wako kama dawa zake anazipata. Akikwambia kuna dawa zimechukuliwa na si yeye aliyezichukua, mwamini. Maswali kawaulize wenye duka.