Halfani Mbaruku, Dresa Aliyekataa Kufunga Watu

Tarehe 31 Desemba 1957 Bwana Halfani Mbaruku anastaafu kazi ya udresa, yaani usaidizi wa mganga zahanatini, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane: kwanza Lindi, kisha Nachingwea, na mwisho hapa kwetu Ruangwa. Wapo walioshauri kwamba habari za Nachingwea zirukwe, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Hazitarukwa. Bila hizo, heshima tunayompa haina maelezo.

Alifika Nachingwea mwaka 1948, matrekta ya mradi wa karanga yalipokuwa yaking'oa misitu. Alisafisha vidonda na kung'oa meno, na alisifiwa kwa wepesi wa mkono wake kwenye sindano. Upishi wake haukusifiwa na yeyote. Waliokula wali wake katika safari ya kazi huko Chunyu ni mashahidi. Lakini hakumharakisha mgonjwa. Aliyesema kichwa kinamwuma aliulizwa habari za kichwa, kisha za shamba, kisha za nyumbani, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa huko nyumbani.

Mwaka uliofuata aliletwa Abdalah wa Mbekenyera, askari aliyepigana Burma. Tangu arudi kutoka vitani hakuwa amesema neno, na majirani walimwogopa. Mguu wake ulikuwa katika mkatale, yaani gogo lililotobolewa tundu la kubana mguu. Mganga mkuu wa wakati ule aliagiza afungwe kamba, apelekwe kwa lori hospitali ya wenye wazimu, mbali sana, ambako tuliowaona wakirudi walikuwa wachache. Halfani aliufungua mkatale, na kamba akakataa kuishika. Aliambiwa kwamba kazi ya dresa ni vidonda, na kwamba lori likija kumkuta mgonjwa bado bubu, atafute kazi nyingine.

Akaamua kutafuta mtani. Kwetu Wamwera, Mngoni ana ruhusa ya kututukana hata msibani, nasi hatuna ruhusa ya kukasirika, tunajibu tu. Halfani alifikiri kwamba mtu aliyeshindwa kuijibu huruma huenda akashindwa kuuacha utani bila jibu.

Mara ya kwanza alikosea. Siku hizo kila aliyekuja kwa barabara ya Songea tulimwita Mngoni, basi Halfani akamleta Agapiti, mtia grisi wa matrekta, ambaye kumbe ni Mmatengo. Tusi la asiye mtani ni tusi kweli. Mwamina, mama yake Abdalah, alimfukuza kwa mchi mpaka kambini.

Ndipo akaja Bernardo, Mngoni halisi. Kila jioni alimkalia Abdalah mbele, akamwambia: "Babu zako waliiona mikuki yetu wakakimbia, wakaacha ugali jikoni. Wewe mtani umekimbia nini, hata ukafungwa kama mbuzi?" Abdalah alitazama chini tu. Siku lori lilipokuwa limesimama nje, Bernardo aliongeza kwamba hata huo ugali ulikuwa mbichi. Abdalah akainua uso. "Tuliutia sumu," akasema. "Babu yako aliula, ndiyo maana ukoo wenu una akili hizo."

Mwamina aliketi chini akalia. Lori liliondoka bila Abdalah.

Neno moja si uzima. Kwa miezi mingi Halfani alikaa naye, akasikiliza habari za wote ambao Abdalah aliwazika vitani, mmoja mmoja, akampa kipande cha ardhi nyuma ya zahanati apande ufuta. Leo Abdalah ana mke, watoto na shamba lake mwenyewe.

Kwa kukaidi amri, Halfani alihamishiwa Ruangwa, kwenye kibanda cha nyasi kisicho na kitanda hata kimoja. Walidhani wamemwadhibu. Wagonjwa walimfuata kutoka Nachingwea kwa miguu.

Bwana Halfani, ahsante. Nenda kwako Malolo ukaitunze mikorosho yako. Mungu akupe afya na umri mrefu, na wa kukupikia. Nasi tunaobaki tunasema mbele ya wakubwa wote waliohudhuria: kuanzia Januari, mgonjwa atakayeletwa hapa amefungwa, atafunguliwa kwanza, ndipo aulizwe jina.