Thadeus Mwakio Aliyekataa Jezi za Vyama

Atakayesema naongopa na asimame sasa hivi, kabla sijafungua hii karatasi, maana nikishaanza kusoma sitaki kikohozi cha mtu wala mguno kutoka kule nyuma kwa vijana wa chama cha Mwenge. Nasema hivi: mtu tunayemzika hapa Mwanda leo, Alhamisi tarehe 12 Machi 1959, alitongozwa na tajiri mmoja na vyama viwili vya siasa, wote wakiitaka timu yake, akawakataa wote watatu akiwa amevaa suruali yenye viraka, na wengine wenu mliomcheka mlikubali mkiwa mmevaa suti. Haya. Sioni aliyesimama. Tuendelee.

Mimi ni Hudson, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, winga wa kulia wa Njia Panda ya Voi, na kwa wasionijua, winga bora kutoka Maungu mpaka Taveta. Wapo hapa waliofika darasa la nane ambao wangesoma historia hii bila kukwama, mimi niliacha shule darasa la tatu kwa hiari yangu na ya mwalimu, lakini Mama Susan, mjane wa marehemu, alisema asome Hudson, huyo hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya bonde.

Marehemu Thadeus Mwakio alizaliwa hapa hapa Mwanda, mtoto wa tatu kati ya sita, mwaka ambao padre wa Bura aliuandika kuwa ni 1907, ingawa nyanya yetu alishikilia kwamba ni ule ambao nzige walimaliza mtama mpaka bua, na sisi tulioonja fimbo ya nyanya tunajua ni nani wa kuaminiwa. Alibatizwa Bura tarehe 14 Machi 1915, akasoma katika shule ya misheni mpaka darasa la nne, akajua kusoma, kuandika, kuimba Kilatini asichokielewa, na kupiga mpira wa matambara kwa mguu wa kushoto, na huko ndiko alikopata ule ugonjwa wa kupenda mpira ambao haukupata dawa mpaka juzi.

Tarehe 2 Februari 1926 aliteremka Voi akaandikwa kazi ya reli, kwanza kubeba mizigo, halafu kupanga mataruma chini ya reli, na kuanzia mwaka 1934 alipewa kazi ya kugeuza njia za magari ya moshi pale njia panda, gari la Moshi lishike njia ya Moshi na la Mombasa lishike ya Mombasa, kazi aliyoifanya mpaka mwaka jana bila kupeleka abiria hata mmoja kwa shangazi ambaye si wake. Mwenyewe alipenda kusema kwamba mtu anayegeuza reli hana ruhusa ya kuipenda njia moja kuliko nyingine, maana siku atakayoipenda ndiyo siku watu watakufa, na nawaomba mlishike neno hilo, kwa sababu ndiyo siasa yake yote.

Tarehe 25 Aprili 1931 alifunga ndoa takatifu na Gertrude Wakesho, binti wa hapo Bura, ambaye tunamwita Mama Susan, mwanamke aliyefua jezi za timu nzima kwa miaka mitatu na hakuwahi kuuliza nani amefunga goli, anauliza tu nani amelala chini kwenye udongo mwekundu wakati sabuni imeisha. Mungu aliwajalia watoto watatu, Susan aliyezaliwa mwaka 1933 na sasa ameolewa Marungu, Gibson aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1936, yule pale amekaa kwenye jiwe na fimbo yake, na Loise aliyezaliwa mwaka 1940, na tena alinilea mimi, Hudson, kuanzia mwaka 1943 baba yangu alipokwenda vitani Burma asirudi, kwa hiyo mkihesabu vizuri tulikuwa wanne, na wa nne ndiye mwenye sura nzuri.

Sasa tufike kwenye mpira, na Padre anisamehe, hapa patakuwa parefu.

Kuanzia mwaka 1949 timu ya Voi ilikuwa ya meneja mmoja wa shamba la mkonge, mzungu mpole akishinda, mpira wake, magoli yake, hata filimbi yake, na yeye ndiye aliyepanga nani acheze wapi ingawa hakujua kumtofautisha beki na mbuzi. Siku moja timu ilifungwa nne bila na watu wa Taveta, meneja akauchukua mpira akauweka chini ya kwapa, akaingia garini, akaenda zake, na kesho yake mjomba akapita kule kwa meneja akaona mbwa anauchezea uani. Alirudi nyumbani akamwambia Mama Susan, "Gertrude, leo nimemwona golikipa mpya wa Voi, ana mkia." Basi tarehe 5 Juni 1955 aliwaita watu wa reli, wakata mkonge na wachuuzi wa stesheni, akawaambia timu ni ya wale wanaosimama juani kuitazama, anayetaka kuimiliki aje asimame juani kama wenzake, na siku hiyo ikazaliwa Njia Panda ya Voi, timu isiyo na bwana, ambayo mpira wake ulishonwa na fundi viatu na ulikuwa ukielekea kushoto hata ukiupiga kulia, ndiyo sababu mimi nilifunga magoli ambayo hata mimi sikuyakusudia. Meneja alirudi na mpira mpya akiitaka timu, mjomba akamwonyesha mahali pa kusimama juani.

Timu hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo wageni walitucheka nayo. Ninyi watu wa milimani mnaijua kutasa, mtu mwenye hasira moyoni anachukua funda la maji au la pombe ya miwa, anataja hasira yake, analipuliza nje na maneno ya heri, na hasira imetoka, maana sote tunajua hasira ya mzazi au ya ndugu ikikaa ndani bila kutolewa huenda ikamshika yule iliyemwelekea. Mjomba aliileta uwanjani. Kabla ya kila mechi tulisimama duara, kibuyu kinapita, kila mmoja anasema chake, "Nina hasira na Wambua, alifungwa goli la kizembe," pwaa, maji chini, naye Wambua, golikipa wetu, Mkamba ambaye kwao hawana mambo hayo, anajibu, "Na mimi nina hasira na Hudson, anajisifu mpaka naumwa kichwa," pwaa, maji mengi kuliko ya wote. Padre alimwuliza kama hayo si mambo ya kipagani, mjomba akamwambia, "Padre, wewe unatusikilizia maungamo Jumamosi, lakini mechi zetu ni Jumapili."

Kisha zikaja kura. Mwaka 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, wale waliostahili, wengine walipewa kura mbili, wengine tatu, mimi sikupata hata nusu, na baada ya hapo kila mtu mwenye miwani alianzisha chama. Nyakati hizi za hali ya hatari mkutano unataka kibali cha Bwana DC, lakini mechi haitaki, kwa hiyo wanasiasa waligundua ghafla kwamba wanapenda mpira tangu tumboni. Mwalimu Noah wa chama cha Mwenge, karibu mwalimu, nakuona, alikuja na jezi mpya kumi na moja zenye mwenge kifuani, na wiki ileile Bwana Crispus, mfanyabiashara wa Maungu, wa chama cha Jembe, shikamoo mzee, akaja na zake zenye jembe. Mjomba aliwakaribisha wote wawili chai kwa siku moja bila kuwaambia, wakakutana mlangoni, akawauliza swali moja tu, "Nikivaa hiyo nikafunga goli, goli ni la nani?" Mwalimu akasema ni la wananchi. Mjomba akasema, "Basi kifua cha wananchi kina nafasi gani hapo, mbona umekijaza wewe?" Bwana Crispus alicheka, mjomba akamgeukia, "Usicheke mwenzangu, ya kwako ina jembe na hujawahi kulima." Alisema chama kikishindwa kinamtafuta msaliti, wa mlimani anamtazama wa tambarare, lakini timu ikishindwa sisi tunamtazama Wambua tu, na kesho tunakunywa naye chai.

Walirudi na jezi zao. Lakini mwezi uliofuata Mwalimu Noah alianzisha timu yake ya Mwenge, akachukua wachezaji wetu watano, na wa kwanza kuondoka alikuwa Gibson, mtoto wa marehemu mwenyewe, mshambuliaji mzuri, nasema hivyo ingawa ni ndugu yangu na hanipiti mbio. Gibson alimwambia baba yake kwamba nchi inakuja kuwa yetu na mtu hawezi kusimama njia panda maisha yake yote.

Tarehe 18 Mei 1958 timu hizo mbili zilikutana pale nyuma ya stesheni, watu wengi mpaka juu ya mabehewa. Tulikuwa kwenye duara letu na kibuyu, Gibson akaja na jezi yake ya mwenge, akasimama mbele ya baba yake, akanyoosha mkono apewe maji atase kama zamani. Mjomba akakishika kibuyu, akayamwaga maji yote chini, akasema mbele ya watu, "Maji haya ni ya wenye timu." Mimi nilicheka kuliko wote. Dakika za mwisho tukiongoza mbili kwa moja Gibson aliruka na Wambua, akaanguka vibaya, mguu ukavunjika chini ya goti, na mlio wake tuliusikia sote. Mguu huo haujanyooka mpaka leo, na ninyi wenyewe mnajua mnachonong'ona, kwamba hasira ya baba imemshika na hatapona.

Mnamo Oktoba 1958 kifua kilianza kumsumbua marehemu, akapelekwa hospitali ya Wesu tarehe 3 Novemba, akalazwa mpaka karibu na Krismasi, kisha akaletwa hapa nyumbani Mwanda, ambako macho yalififia na masikio yakafuata, akawa anatutambua kwa kutushika mabega. Gibson alikuja mara mbili akakaa ubarazani, hakuitwa ndani, hakuingia, akaondoka. Jumanne tarehe 10 Machi 1959, saa nne asubuhi, Thadeus Mwakio aliaga dunia, ameacha mjane, watoto watatu, mpwa mmoja na timu moja, na wanaojiuliza timu amemwachia nani wasubiri, hajamwachia mtu, waje Jumapili wasimame juani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wesu waliomhudumia kwa upole hata alipowapangia kikosi chao, majirani wa Mwanda waliobeba machela kwenye ile miteremko, wafanyakazi wenzake wa reli, Padre na wanakwaya, yule meneja aliyetoa lori, na ninyi wa Mwenge na wa Jembe mliopanda lori hilo moja kutoka Voi, ingawa nasikia mlikaa pande mbili hata likawa linainama. Mjomba, umesimama vya kutosha, sasa keti, upumzike, na amani ya Mungu ikufunike.

Karatasi imeishia hapo, na Padre ameshafungua kitabu chake. Bado kidogo, Padre. Kuna sehemu niliiruka, haimo hata kwenye karatasi.

Nimesoma Jumanne, sikusoma Jumapili. Jumapili Mama Susan alikuwa amekwenda ibada, nikabaki na mjomba peke yangu, akaomba maji, nikampa, akaliweka funda mdomoni asilimeze, akanyoosha mkono akanishika bega. Mabega yangu na ya Gibson ni mamoja, yote ya nyanya. Akalipuliza lile funda kifuani kwangu, akasema, "Gibson." Nami nikaitika, "Naam, baba." Akasema, "Mwanangu, hasira nimeitoa, Mlungu wa wazee wetu aione imetoka. Mguu wako upone. Nimewatukana wenye timu miaka yote, na siku ile nikawa mwenye timu mimi. Cheza unakotaka, vaa unachotaka, mradi ukichoka urudi kwenu." Akanipapasa uso, akalala.

Sikumwambia mtu. Mimi baba yangu simkumbuki hata sauti, na hakuna aliyewahi kuniita mwanangu kwa sauti ile, nikasema acha nilale na neno hilo usiku mmoja. Jumatatu nikasema mmoja tena. Jumanne akafa, na aibu ikanifunga mdomo, mimi Hudson ninayesikika ng'ambo ya bonde.

Gibson, maji yale yalinilowesha mimi, lakini yalikuwa yako. Shati lenyewe ni hili nililovaa, sijalifua tangu Jumapili, ndiyo maana Mama Susan ananitazama vibaya tangu asubuhi. Nalivua sasa hivi mbele ya Padre, anisamehe. Njoo ulichukue kabla hatujalishusha jeneza. Njoo polepole na huo mguu, tutakusubiri.